Vikapu vya Mama Kaitani

Misenyi,
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Mdogo wangu Veronika,

Marahaba. Naipokea shikamoo yako mapema kwa sababu naijua. Tangu utotoni hujawahi kusema nami bila kuitoa kwanza, hata siku ile nilipokuvunjia chungu. Hujambo? Magoti je, bado yanakusumbua kwenye ngazi za kanisa? Michembe ya viazi vikavu uliyonitumia ilifika na nimeimaliza, ingawa meno machache niliyobaki nayo yalilalamika.

Mimi si mzima. Miguu imevimba hadi viatu vimenikataa, na siku hizi nalala nimekaa, maana nikijilaza pumzi inakatika. Daktari wa hapa, binti mpole, aliniuliza kama nina ndugu wa karibu. Nikamwambia yuko Tabora. Akasema, "Basi mwalimu, usichelewe kumjulisha." Nimemwelewa. Uji naletewa na jirani, mjane mmoja ambaye hunifokea nisipoumaliza. Migomba yangu imeingiwa na mnyauko, nimeacha kuihangaikia.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningekusikia unavyovuta pumzi, nami ningegeuza maneno. Nimefanya hivyo mara nyingi. Kwa hiyo naandika, na Padri anayekuja huko seminari ya Kipalapala wiki hii atakuletea barua hii pamoja na boksi. Tafadhali usilifungue boksi kabla ya kumaliza kusoma.

Kila Krismasi unaniuliza swali moja: "Kaka, umestaafu, wifi ametangulia, watoto hamkujaliwa. Unafanya nini huko mpakani? Rudi Tabora, nyumbani Isevya." Nami hukujibu habari za mvua. Leo nakujibu swali lenyewe. Nimebaki huku kwa sababu Kaitani amezikwa huku.

Hakukukimbia, Veronika. Mimi ndiye niliyekwambia hivyo, na nilijua ni uongo.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa. Mimi na wewe tulizaliwa Isevya, lakini Baba alitoka ng'ambo ya mpaka, na majirani walipogombana nasi walitukumbusha. Kaitani yeye aliletwa na baba yake aliyekuja kufanya kazi reli, akamwacha mama yake kijijini kwao, huko huko ng'ambo. Vita vya Kagera vilipoanza tulikuwa tayari jeshini, yeye askari wa kawaida, mimi koplo. Tukaletwa huku kupigana na watu waliosema lugha ya baba zetu.

Sajenti wetu, Msukuma wa Igunga, hakuacha kututania. "Nyie wawili, tukifika kwa wajomba zenu msianze kusalimia. Pigeni risasi kwanza!" Kaitani akamjibu, "Afande, mjomba wangu ana ng'ombe mia. Wewe Msukuma ukiwaona tu, utamwamkia kabla yangu." Kikosi kizima kilicheka, Sajenti mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Lakini hata katika kicheko kile nilijua tunaangaliwa. Mwenzetu akichelewa kurudi, amechelewa. Mimi au Kaitani tukichelewa, tumekwenda kwa wajomba.

Tulipiga kambi karibu na mto, mwendo wa saa nne hivi kwa miguu kutoka kwa mama yake. Kaitani akanifuata.

"Shemeji," akasema. Alikwisha kuanza kuniita hivyo. "Nipe siku moja niende kwa Mama."

"Kufanya nini? Kuna vita, Kaitani."

"Kuchukua kahawa ya Veronika."

Hilo lilikuwa jambo la kwao. Mama wa kijana huchemsha kahawa kwa majani yenye harufu, huikausha, huitia katika kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko, na kumpelekea bibi arusi aitafune. Bibi arusi akiitafuna, amepokewa. Kaitani alikuwa tayari kukuoa bila ng'ombe, bila sherehe, hata bila padri kama ingelazimu, lakini si bila kahawa ya mama yake. "Nikifa kesho," akasema, "angalau awe amepokewa."

Sikuwa na mamlaka ya kumruhusu. Nilimruhusu kwa sababu nilimpenda kama ndugu, na kwa sababu ulikuwa wewe. Akaniachia bunduki na sare, akavaa shati la kiraia, akaondoka asubuhi. Tulikubaliana arudi kesho yake kulipopambazuka. Nikamkumbusha neno la kupita lindoni, ambalo hadi asubuhi hiyo lingekuwa "Jembe."

Jioni ikaja amri ya kusogea mbele. Sajenti akaita majina. Alipofika kwa Kaitani nikasema, "Nimemtuma maji, Afande." Akasema, "Basi nyie wawili mbaki na mizigo, mtatufuata kesho." Wakaondoka. Kikosi kingine, watu wasiotujua, kikaja kushika lindo. Neno la kupita likabadilishwa. Nilikuwepo lilipobadilishwa, na nilijua kuna mtu mmoja ng'ambo ya mto ambaye bado ana neno la zamani.

Ningeweza kwenda kwa mlinzi na kumwambia, "Ndugu, kuna mwenzetu atapita asubuhi." Maneno machache tu. Lakini angeuliza mwenzetu huyo amelala wapi, na nani kampa ruhusa. Jibu lilikuwa kwamba mtoto wa ng'ambo amemtuma mtoto mwingine wa ng'ambo alale kijiji cha adui. Nikajiambia nitaamka mapema nimpokee mwenyewe mtoni.

Niliamka mapema kweli. Yeye aliwahi zaidi. Nilikuwa hatua kama thelathini, na kikombe cha chai mkononi, nikamsikia mlinzi akidai neno, na sauti ya Kaitani ikijibu, "Jembe." Mlinzi akarudia kudai. "Jembe! Jembe, ndugu yangu!" Alilisema kwa furaha, kama mtu aliyefika nyumbani. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Nilifungua kinywa, nikawaza kwanza nitakachoulizwa. Nilipokuwa bado nawaza, risasi ikalia.

Mlinzi hakukosea, alifanya alivyoamriwa. Kamanda wao akaniita. "Koplo, nimeambiwa unajua lugha ya hawa watu. Unamjua huyu?"

Nikamtazama Kaitani. Nikasema, "Simjui."

Nikaomba jembe, nikamzika mwenyewe. Kikapu alikuwa amekishika, nikakitia ndani ya shati langu. Nilipomfikia Sajenti nikamwambia Kaitani ametoroka kwenda kwao. Hakunitania tena tangu siku hiyo. Na nilipokuja likizo, ukanipokea pale kituoni umevaa gauni la bluu, ukatazama nyuma yangu kuona kama Kaitani anashuka, nikakwambia, "Amekwenda kwa mama yake." Ulisema, "Angeniambia tu." Basi. Hukulia mbele yangu. Miaka miwili baadaye ukaolewa na marehemu shemeji, mtu mwema, na kila lilipotajwa jina la Kaitani ulitoka chumbani.

Kuna uongo wa pili. Vita vilipokwisha niliomba kazi ya ualimu huku, na siku ya gulio nikavuka kwenda kumtafuta mama yake ili nimwambie ukweli. Nilimkuta anaanika kahawa. Nilipotaja Tabora akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu alifika salama?"

Nikasema, "Alifika, Mama."

"Na mkwe wangu aliitafuna?"

Nikasema, "Aliitafuna."

Aliketi chini akacheka peke yake. Tangu hapo sikuweza kurudi nyuma. Nilimtembelea kila msimu kwa miaka kumi na mmoja, nikimweleza habari zako, kwamba Kaitani yuko reli kama baba yake, kazi nyingi, mpaka una matatizo. Ulipojifungua Yustina nilimwambia amepata mjukuu, akampa jina la mama yake mwenyewe. Kila msimu alinipa kikapu: "Mpelekee mkwe wangu." Kwako nilisema Kaitani yuko kwa mama yake. Kwa mama yake nilisema yuko kwako. Nyote wawili mlikuwa mnamngoja mtu niliyemfukia mimi.

Vikapu hivyo ndivyo vilivyomo kwenye boksi. Vya juu kumi na moja ni vya misimu. Cha chini kabisa, chenye doa jeusi upande mmoja, ndicho alichokuwa amekishika. Sikukiosha wala sikukifungua. Kahawa imezeeka, haitafuniki tena, lakini ilikuwa yako na ilikuwa njiani kuja kwako. Mama Kaitani alifariki akiwa na jina lako mdomoni. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Mwambie Veronika nimemsamehe kutokuja, najua mpaka."

Padri analijua kaburi, amekubali kuandikisha jina la Kaitani msalabani. Nami nimeomba nizikwe hapo pembeni. Nikizikwa Isevya, makaburini kwetu, watu watasema nimerudi nyumbani, nami sistahili kusemwa hivyo kabla ya Kaitani.

Msalimie Yustina, mwanao wa kwanza, na umwambie, ukiona inafaa, kwamba ana jina jingine. Msalimie mjomba Petro, aliyenifundisha kusoma, kama bado anasikia. Msalimie mama mkwe wa Yustina, ambaye hupika wali wa karanga nisioweza kuusahau.

Sikuandikii nikitaka uje, wala sitaki unijibu maneno mengi. Mwanzoni mwa barua hii niliichukua shikamoo yako kabla hujanipa. Ulikuwa hujajua bado. Sasa umejua, nami nairudisha. Ikiwa bado unayo ya kunipa, mpe Padri kikapu kimoja aje nacho atakaporudi Alhamisi. Ikiwa huna, aje mikono mitupu. Nitamwona toka mbali akishuka njia ya mto, na nitajua.

Kaka yako,
Damiani