Ubao Tulioutia Dhahabu

Mpendwa Bi Mkubwa,

Leo nimepita msikitini pale Ekero, nikasimama kuutazama ubao ulio juu ya mlango. Maandishi bado yanang'aa. Vijana waliokuwa wakitawadha hawakujua kwa nini nimesimama. Wewe ungejua.

Unakumbuka mwaka ule wa Uhuru? Mume wetu alikuwa ameuchonga ubao ule, akaanza kuyatia maandishi dhahabu, ndipo kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Nusu ya maandishi ilikuwa dhahabu, nusu mti mtupu. Shemeji zetu wakaja kuuchukua ubao wampelekee fundi wa Kisumu. Mzee aligeuza uso ukutani.

Ukawaambia, "Ubao hautoki hapa. Mimi na huyu tutaumaliza."

"Nyinyi mnajua nini?"

"Tumemwonanga akifanya."

Nilishtuka. Tangu niolewe, mimi na wewe tulikuwa watu wa salamu tu. Ulipika kwako, nikapika kwangu, kila mmoja akisonga obusuma, ugali wake.

Kesho yake tulifunga madirisha, kwa sababu dhahabu ile ilikuwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na pumzi tu iliipeperusha. Mimi nilipaka gundi. Wewe ulipitisha brashi shavuni ipate mafuta kidogo, ukainua nayo kipande cha dhahabu, ukakilaza juu ya herufi. Cha kwanza kilikaa. Cha pili nilikipumulia bila kukusudia, kikaruka na kukunasa kwenye nyusi. Nilingoja unigombeze, maana vipande vilikuwa vichache. Ukajitazama kwenye kioo, ukasema, "Sasa mimi ndiye mke wa gharama."

Tulicheka mpaka Mzee naye akacheka kitandani, kwa upande mmoja wa mdomo.

Ubao ulipandishwa kabla ya Idi. Mzee alibebwa kwenye kiti kwenda kuuona, akalia. Hakumaliza mwaka.

Eda ilipokwisha, shemeji walisema nirudi kwetu Matungu, kwa kuwa sikuwa na mtoto. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu. Ukasimama mlangoni ukawaambia, "Huyu haendi. Watoto wangu ni wake." Kisha ukaufungua mzigo wangu, ukazitoa nguo moja moja na kuzipanga mwenyewe.

Sasa wewe ndiye uliyetangulia. Watoto wetu wananiita mama, na wajukuu wanagombania kulala kwangu. Ramadhani hii nilipakua futari yako, nikavuka ua nayo mpaka mlangoni kwako, ndipo nikakumbuka.

Nilipoolewa, mama alinifundisha kuishi na mume. Hakuna aliyenifundisha kuishi bila wewe.

Pumzika, dada. Mungu akuangazie huko uliko.

Mimi,
Mke mwenzio