Lea Hakuniambia Mimi

Hombolo

Dada Evelina, shikamoo. Zabibu zimekubali mwaka huu; kichala kimoja nimekibeba begani kama mkungu wa ndizi.

Dada, mwanao Lea ameacha mpira. Kina mama wa klabu yake walitaka mmoja wao asafiri na mabinti kwenda mechi ya Mpwapwa. Nikasimama kikaoni: "Kocha huyu nimemlea mimi! Namjua nje ndani!" Wakaniamini, wakabaki. Huko kocha akamvamia Lea chumbani. Polisi wamemkamata.

Lakini mtoto alimwambia jirani, siyo mimi. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu: "Ningekwambia wewe, Mjomba, ungesema namsingizia."

Njoo umchukue, dada. Hanitazami usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Cornel