Kilichobaki Sandukuni

Quakers Hill, Sydney
1 Septemba 2021

Mzee wangu Juvénal,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Kigoma, pamoja na mama Divine na wote wa nyumbani. Goti lako je, limepoa? Mimi mwilini sina neno, mengine utayasikia. Safari hii nimeandika, sikukutumia sauti kwenye simu kama nilivyozoea, na sababu yake iko mbele. Namwomba binti yako Divine akusomee polepole, asiruke mstari hata akinionea aibu.

Katika ujumbe wako wa Jumapili umesema, nanukuu: "Kuchagua chambo ni mchezo wa watu walioshiba. Samaki hali kilichobaki sandukuni." Umeshangaa kwamba mdogo wako Balthazar, alipokupigia kutoka kitanda cha hospitali, aliulizia kisanduku cha vyambo vya bandia badala ya kuomba maombi. Kwa heshima zote, mzee wangu, umekosea, nami nitakuonyesha ulipokosea.

Wewe umevua mgebuka miaka arobaini kwa taa na wavu. Mgebuka huja kwa maelfu; akikuponyoka huyu, unampata mwenzake. Bass, samaki wa mito ya huku, hana jeshi. Hukaa chini ya gogo lililozama, peke yake, na ana kiburi. Sisi nasi hatuna mashua. Tunasimama ukingoni, matope miguuni, vichaka mgongoni. Ukija na ufito mrefu utavua matawi kabla hujavua samaki. Kwa hiyo ufito uwe mfupi, mwepesi, ncha yake ilegee kidogo. Mshipi uwe mwembamba usioonekana majini. Jioni za joto, nyenze wanapolia mitini na kudondoka mtoni, unarusha nyenze wa plastiki anayeelea, unamwacha mpaka viwimbi vyake vife, ndipo unamtikisa. Lakini Septemba maji bado ni baridi na samaki yuko chini. Hapo nyenze hafai. Unataka chambo chenye mdomo mpana, kinachopiga mbizi unapokivuta, au kile chenye kijibati kinachozunguka na kumetameta. Nimesoma vitabu vitatu juu ya samaki huyu mmoja. Huo si mchezo wa walioshiba. Ni elimu.

Hayo ndiyo niliyomhubiria Balthazar tangu tulipokutana kazini, katika ghala moja karibu na bandari ya Botany. Alinicheka sana. Alisema Mkikuyu wa Nyeri na samaki ni wapi na wapi, watu ambao babu zao hawakumtia samaki mdomoni hata kwa njaa. Akaniita Profesa, na jina likaenea ghala zima. Yeye mwenyewe alikuwa na chambo kimoja tu, nyenze mweusi aliyenyofolewa bawa moja. Mwezi wa Machi, kwenye mto Nepean, nilichutama nusu saa mbele ya kisanduku changu nikipima rangi ya maji na mwelekeo wa upepo. Nikasikia maji yanapasuka. Alikuwa ameshampata. Alipomrudisha samaki mtoni, kama ilivyo desturi ya wavuvi wa bass, alinung'unika kwamba watu wa nchi hii humtoboa samaki mdomo kisha wakamwomba radhi. Halafu akaniuliza kama vyambo vyangu bado viko darasani.

Mwezi wa Juni mji ukafungwa kwa ajili ya korona. Baadaye sisi wa upande wa Blacktown, magharibi mwa mji, tukawekewa askari wengi kuliko wengine na kukatazwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, ila kazini tu. Mizigo ya matajiri wanaokaa upande wa pwani ilitakiwa ifike. Hapo hatukuwa hatari kwa mtu. Nimeliandikia gazeti juu ya hilo mara mbili. Mto uko mbali kuliko hizo kilomita tano, basi tukawa tunavua kwa simu. Kila tukitoka kazini tulibishana juu ya vyambo mpaka Falone, mkewe, anamnyang'anya simu ale chakula. Tulikuwa tunaisubiri leo, tarehe mosi Septemba, siku mito inapofunguliwa kwa uvuvi wa bass. Tukaagiza kisanduku kipya. Mimi nilichagua vyambo kumi na viwili. Yeye aliomba kimoja: nyenze mweusi mwenye mabawa mawili.

Kisanduku kilifika siku tatu baada ya gari la wagonjwa kumchukua. Nilikipeleka kwa Falone nikimhesabu kama mtu wa kupewa habari njema, sijui kwa nini. Alisimama kibarazani, mimi nikasimama barabarani na barakoa yangu. Alilia. Kati yetu palikuwa na hatua kumi na sheria, nami sikuzivuka. Nilirudi nacho nyumbani.

Sasa Balthazar ana mpira kooni, na mashine ndiyo inayompumulia. Hakuna anayeruhusiwa kumwona. Muuguzi mmoja wa zamu, Cherotich, dada yetu wa kutoka Kericho, humwekea simu sikioni. Jana alinipa dakika kumi. Nilikuwa na jambo moja la kusema, nimeliandika kabisa kwenye karatasi. Nilichosema ni vyambo. Nilivitaja kimoja baada ya kingine, rangi yake, uzito wake, kina kinachofikia, vyote kumi na viwili, kisha nyenze wake. Mimi ninayewapandishia sauti wahariri, ninayewakatiza wachungaji katikati ya mahubiri, nilimsomea mgonjwa orodha ya plastiki. Cherotich akaniambia kwa upole kwamba muda umekwisha, kaka, labda kesho. Nyuma ya sauti yake niliisikia mashine ikivuta na kushusha.

Jambo lenyewe ni hili, mzee wangu.

Mwezi wa Julai Balthazar alikuwa na miadi ya chanjo. Iliyokuwepo wiki ile ndiyo ile iliyokuwa ikisemwa redioni kwamba huweza kugandisha damu, mara chache sana. Ile ya aina nyingine foleni yake ilifika hadi Septemba. Daktari wake alimwambia achukue iliyopo. Akanipigia mimi. Nilimrekodia sauti ya dakika kumi na nne. Nilitaja takwimu, nilitaja historia ya dawa walizojaribiwa watu weusi, na mengi ya hayo ni kweli, ndiyo maana yaliingia. Nilimalizia kwamba mtu mwenye akili hachukui cha kwanza anachonyooshewa, husubiri kinachofaa. Akafuta miadi. Alisema, sawa Profesa, wewe ndiye uliyesoma. Siku hiyo hakuwa anatania.

Falone hajui. Nikimaliza kuandika naenda kusimama pale barabarani nimwambie.

Ningeweza kukuficha wewe, lakini mwisho wa ujumbe wako umeongeza maneno mawili matatu kama jambo dogo. Umesema Balthazar alikutumia sauti ile kwa kujivunia rafiki yake, kwamba umeisikiliza mara mbili, na kwamba wauguzi walipopita mtaani kwenu mwezi uliopita uliwaambia nyumba yako inasubiri iliyo bora. Hadi leo hamjachanjwa: wewe mwenye kisukari, mama Divine, wala Divine anayesoma maneno haya.

Juu ya bass sifuti hata neno. Lakini kisanduku kiko hapa mezani pangu leo, siku ya kufunguliwa mto, na hakuna chambo hata kimoja kilicholowa.

Wasalimie majirani, na mwambie mama Divine kwamba Falone na watoto wanakula na wana afya. Usinijibu kwa maneno matamu, wala usinisamehe kabla hujatenda ninaloliomba. Ifute sauti yangu kwenye simu yako; ndiyo iliyonifanya safari hii niandike. Nawe Divine, ukifika hapa, iweke barua chini, mshike baba yako mkono, mwite na mama yako, mwende hospitali sasa hivi. Msiulize ni chanjo gani. Ulizeni foleni inaanzia wapi.

Mdogo wako,
Muriuki