Herufi Nilizokata Kwenye Picha ya Baba

Kiloleni,
Tabora.
29 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Amon,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Doha, na lile joto lenu? Mgongo umeacha kukusumbua? Mama anauliza kila jioni kama unakula, nami humjibu kwamba kwa zile picha unazotuma, anayekula ni wewe na wenzako wanakutazama tu. Sisi afya tunayo, ila nyumba imekuwa kimya mno.

Wachezaji wa timu ya Ipole walikuja mazishini kwa Baba lori zima, wamevaa jezi. Migongoni zile herufi za Baba, nene, zenye kona kali, hata O haina mviringo. Nililia kwa uchungu, na kwa fahari pia.

Kwenye simu uliniuliza mara mbili kwa nini Baba alichelewa kutibiwa. Nikasema mtandao unakatika. Nilikudanganya, mdogo wangu.

Unakumbuka stensili zake. Tangu alipoacha kazi karakana ya reli alizichora kwa rula juu ya picha kuukuu za eksirei, akakata kwa wembe, kisha akapitisha rangi. Majirani waliokwisha kupona ndio waliotuletea picha zao. Alitukataza kusoma majina yaliyo pembeni, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Mwezi wa tatu alipigwa picha ya kifua, akaambiwa arudi nayo baada ya miezi mitatu, wapige nyingine walinganishe kama doa lililoonekana limekua. Kwetu alisema ni kikohozi tu. Mwezi wa tano Ipole wakaleta jezi, wanazitaka haraka, na picha kuukuu zimekwisha. Nikafungua sanduku lake, nikakuta moja, nikakata IPOLE yote. Jina sikusoma. Baba akaingia, akaitazama kazi yangu kwa muda mrefu.

“Kona ya P haijakaa, mama,” akasema. “Irudie.”

Nikairudia.

Siku ya kurudi hospitali nilimsindikiza. Daktari akaomba ile picha ya kwanza.

“Imepotea, daktari,” Baba akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Wakapiga nyingine, lakini hapakuwa na ya kulinganisha nayo. Akaambiwa asubiri miezi mitatu tena. Hakuimaliza.

Juzi nilikuwa nasafisha stensili niandike msalaba wake kabla ya misa ya arobaini. Pembeni mwa herufi E, chini ya rangi, nikasoma: Emilian Kashindye, na tarehe ya Machi. Nilikaa nayo mapajani mpaka Mama akaniita chakula. Yeye hajui.

Amon, Baba aliiona. Aliiona, akanielekeza kona. Kuna saa namkasirikia kwa kunyamaza kwake, halafu najichukia.

Msalaba bado hauna jina. Baba mdogo Leodgar anataka niandike kwa herufi za Baba mwenyewe, na mimi mkono haunyanyuki.

Usinipigie, Mama atasikia. Niandikie. Ukinisamehe niambie, na usiponisamehe niambie vilevile, ila usinijibu kwa ukimya kama yeye.

Mwanangu Josepha anakuamkia, shikamoo mjomba. Mama na Baba mdogo wanakusalimu sana. Nisalimie Abasi mnayekaa naye chumba kimoja. Mungu akufunike popote uendapo, akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kuliogopa jibu lako,

Consolatha