Mpiga Picha Aliyekataa Kukubandika, Baba

Baba yangu, shikamoo.

Barua hii nimeiandika wazi, kila mtu aisome, kwa sababu simu yako siku hizi inapatikana ikijisikia. Huenda mwenzako mmoja pale karashani, kelele za kusaga mawe zikipungua, akakusomea. Mwambie asome taratibu.

Unakumbuka Krismasi ile nikiwa darasa la nne? Mimi na mdogo wangu Masanja tumeshonewa kitambaa kimoja, Minza bado anabebwa mgongoni. Ulituzungusha mji mzima wa Shinyanga ukichagua mpiga picha. Wa kwanza ulimkataa kwa sababu alishika kamera kabla hajatusalimia. "Huyu ana haraka, atatupiga kama magunia ya pamba," ulisema. Wa pili ulimkataa sijui kwa nini, nadhani hukupenda viatu vyake. Mama alichoka, akaketi kwenye ngazi ya duka la watu. "Baba Kabula, unatafuta mpiga picha au mkwe?" Ulicheka mpaka ukashika nguzo. Tulipompata uliyemtaka, ulisimama nyuma yake ukatoa ulimi na kuzungusha macho ili tucheke, na kweli tulicheka. Ndiyo maana kwenye picha ile tuko wanne, wewe haumo. Zilizofuata nazo ni hivyohivyo.

Sasa Minza anaolewa, anahamia Ushirombo kwa mumewe. Mama akasema kabla Minza hajatoka anataka picha moja ya familia, kubwa, ya kutundika sebuleni. Kazi ya kutafuta mpiga picha nikapewa mimi, eti nimerithi ubishi wako. Sharti lilikuwa moja tu: baba yenu awemo.

Nikamwambia, "Mama, Baba ana miaka saba hajakanyaga hapa Kambarage."

Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso. "Siwezi kukaa ukutani kama mjane na mume wangu anapumua."

Nikaitafuta picha yako ndogo ya kitambulisho, tukaenda studio moja mjini kwa kijana anayesifika kwa kuunganisha picha. Alitupiga sisi mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, akasema wewe atakuongeza kwenye kompyuta. Baada ya siku mbili nikaenda na Mama kuichukua.

Mayo wane! Ulikuwa umevaa suti nyeusi na tai nyekundu, wewe ambaye kwenye harusi ya baba mdogo ulivaa koti la kuazima ukalivua hata wali haujaletwa. Kichwa kidogo juu ya mabega ya bondia. Ngozi amekung'arisha, Baba, mpaka nikasema huyu mzungu katoka wapi. Nilianza kucheka. Halafu nikaona duara la mwanga mweupe kuzunguka kichwa chako, na mawingu chini ya miguu. Yule kijana akaushika mkono wa Mama kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana na msiba, Mama. Nimejitahidi marehemu apendeze."

Wala si mtu mbaya. Wanaompelekea picha za kitambulisho azibandike kwenye za familia, wote wametoka kuzika. Mama hakumfokea. Alisema, "Asante, mwanangu," akaifunga picha kwenye kitenge, tukaondoka. Tulipofika getini ndipo akasema, "Kumbe watu wanaona hivyo." Akaingia ndani.

Nikaanza upya. Rafiki yangu akanielekeza kwa dada mmoja, Leticia. Alikuja nyumbani Jumanne, hana hata begi la kamera, nikajua nimepigwa. Akakaa barazani na Mama, wakala michembe ya viazi kwa karanga. Akauliza nani kifungua mimba, nani muongeaji, kwa nini Masanja anacheka amefunga mdomo. Saa kumi alizunguka uani akiangalia kivuli cha nyumba kinalala wapi. Moyoni nikasema, huyu Baba angemchagua.

Mama akatoa ile picha yako ya kitambulisho. Leticia aliisogeza kwenye mwanga.

"Yupo hai?"

"Yupo. Rwamgasa, machimboni."

"Anapokea simu?"

"Akipenda," nikadakia.

"Basi mpigieni aje. Mama, nisamehe, mtu mwenye pumzi mimi simbandiki. Akija kuiona atajua hakusimama pale. Na wewe utakuwa unajua kila siku."

Mama alisimama akaenda jikoni, sufuria zikaanza kugongana. Nilipomfuata akaniambia nitafute mwingine, huyu ana mdomo. Sijawahi kumbishia Mama usoni, unanijua. Siku ile nilisema, "Huyuhuyu, Mama."

Tukakupigia. Ulipokea simu haijaita hata mara tatu. "Mwangaluka, wanangu!" Ukasema shimo lenu, hilo mnaloita duara, liko karibu kutema dhahabu, kama unavyosema kila mwaka, lakini ukaongeza, "Jumamosi nipo. Mwambieni huyo dada asianze bila mimi." Mama akageukia ukutani tusimwone anavyotabasamu.

Jumamosi alilitoa shati lako la bluu sandukuni, akalipiga pasi mara mbili. Leticia alifika saa tisa na kamera yake. Akamkalisha Mama kwenye kiti, mimi na Masanja nyuma, Minza kushoto. Kulia kwa Mama akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Saa kumi nikapiga simu yako. Haipatikani. Leticia akajifanya anarekebisha kamera, na kamera haikuwa na tatizo lolote. Saa kumi na moja haipatikani. Poda ya Minza ilikuwa inashuka na jasho, Masanja anahama mguu huu na huu, hakuna anayekutaja. Simu ya Leticia iliita, watu wa sherehe nyingine wanamtaka. Akaizima.

Jua lilipokaribia kuzama, alitoka nyuma ya kamera, akaja kuchuchumaa mbele ya Mama. "Mama, mwanga unaondoka. Sema wewe."

Mama alitazama geti. Akatazama ile nafasi begani kwake. Akafuta viganja kwenye gauni.

"Sogeeni."

Hatukuelewa.

"Sogeeni, wanangu. Msiniachie upenyo."

Masanja akahamia kulia kwake, mimi nikaweka mkono begani kwa Mama. Leticia akapiga.

Picha ipo sebuleni. Hatujacheka, isipokuwa Minza kidogo, ila ni sisi kabisa. Nilidhani Mama ataikwepa, lakini kila asubuhi anaifuta vumbi kwa pindo la kanga na kuendelea na kazi zake. Ile ya mawingu sijui aliiweka wapi, na siulizi.

Nimekukasirikia, Baba. Nakupenda pia, na vyote viwili vinanichosha. Sijui nini kilikuzuia. Huenda duara, huenda aibu ya kurudi mikono mitupu. Kama ni aibu, ujue siku ile tulikuwa tunatazama geti tu. Ungetokea na matope yako hivyohivyo, Leticia angekupiga na Mama angekufuta uso.

Shuka salama shimoni na upande salama. Siku ukija, mlango uko wazi na maji ya kuoga utapashiwa. Utaiona picha, utasogea karibu, utajitafuta. Usimuulize Mama. Niulize mimi.

Binti yako mkubwa,
Kabula