Jiwe Moja Ndani ya Trela

Dada yangu mpendwa Corliss,

Salamu nyingi kutoka Pagosa Springs, kwenye kambi ya magari ya kulala, chini ya mlima tutakaouvuka kuja kwenu. Natumaini mgongo umepoa, mimba haikusumbui sana, na shemeji Emmett ameacha kukupikia maharage kila jioni. Sisi wazima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya.

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni. Tulipoteremka bonde la Salt River, kule Arizona, jiwe moja lilichomoka ndani ya trela likawa linabingirika, gu, gu, likigonga ukuta wa mbele kila Baba alipokanyaga breki. Breki zilinuka kuungua. Trela lilitusukuma kama mtu anayetaka kupita. Baba je? Alitabasamu.

Unajua kilichomo: mawe yote ambayo Mama aliyaokota jangwani tangu utoto wetu, akiki na vipande vya miti iliyogeuka mawe. Baba alisema anataka kuyapanga kuzunguka kaburi la Mama huko kwenu kabla ya theluji.

Hapa jirani yetu ni Orval, daktari wa meno mstaafu. Aliona mkia wa gari letu ulivyoinama, akauliza tumebeba nini. Baba akamwonyesha namba iliyochongwa kwenye kiungio cha trela, ratili elfu tano, akasema chuma hicho kingevuta kanisa na waumini wake. Orval akamwambia, “Kiungio hakina breki, mzee mwenzangu. Chukua uzito ambao gari limeruhusiwa, utoe maji ya tangini, vitabu vya binti yako na hilo tumbo lako; kinachobaki ndicho cha kuvuta, na kwako sidhani kama imebaki hata baiskeli.” Baba akamwambia arudi kwenye meno. Nilicheka nikidhani ni ule ukaidi wake tunaoujua.

Baadaye nilimsihi tupite kwenye mizani ya malori. Nikamwambia tumwage maji, au tuyaache mawe hapa, Emmett aje kuyachukua kwa lori lake. Kila nililosema alilikubali kwa kichwa, kama anavyomkubalia mhubiri. Kisha jana, akipaka siagi kwenye mkate, alisema bila kuniangalia:

“Uzito naujua, Maren. Niliupima kulekule Arizona. Kesho wewe panda basi. Mimi nitavuka mlima na mawe ya mama yako.”

Hakukosea hesabu, dada. Hesabu hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka, breki zimshinde huko mteremkoni. Nilimuuliza, je, akifika upande wa pili salama? Akajibu kwamba hapo atakuwa amefika, akanisogezea tikiti ya basi pamoja na siagi.

Leo asubuhi Orval alimchukua kwenda kuloweka magoti kwenye chemchemi za maji ya moto. Walipoondoka nilifungua trela. Mimi na mke wa Orval tumeyatoa mawe kwa toroli na kuyalundika chini ya misonobari nyuma ya kambi. Mwenzangu alileta turubai, tukayafunika. Nimeliacha moja, lile linalobingirika. Sikuweza kumnyima Baba sauti hiyo.

Baba amerudi, na ameshaona. Mkia wa gari umeinuka, hata kipofu angeuona. Amesimama nyuma, kofia mkononi, kisha ameinama akaanza kufunga minyororo ya trela. Hajaniuliza mawe yako wapi. Ningeona afadhali anitukane.

Sijidanganyi kwamba nimemwokoa. Gari jepesi nalo huanguka, na mlima hauulizi limebeba nini. Mpe Emmett mkono wangu, na mtoto aliye tumboni mwambie mashangazi anaweza kuwa nao wengi ila mama yake mdogo ni mmoja. Mke wa Orval ataiposti barua hii. Ile tikiti nimeichana, nimekaa kiti cha pembeni ya Baba, na mkanda nimekwisha kuufunga.

Mdogo wako,
Maren