Ujumbe Ambao Haukumfikia Wanzala

Malava, Kabras,
Kakamega.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Isaiah,

Mulembe sana. Natumai u mzima huko Doha na joto halijakulemea. Sisi tunaamka tu. Mama anakula kidogo, hasa mdogo wetu Rachael akimletea obusuma, ugali wetu, ungali moto.

Siku tulipomzika dada yetu Edah uliniuliza kwa simu kwa nini hakuna aliyejitokeza kumpa damu. Nilikwambia mtandao ulipotea. Nilikudanganya.

Unaikumbuka roboti yangu ya kutafuta wachangiaji damu. Niliiunda kwa maktaba ya programu, yaani kazi iliyoandikwa na watu wengine wakaitoa bure, ya kuiwezesha kompyuta kupokea na kutuma jumbe yenyewe. Mtu anaiandikia kundi la damu la mgonjwa, nayo inawaarifu wenye kundi hilo. Ilifanya kazi miezi saba. Kanisani walinipigia makofi.

Jumamosi ile asubuhi Edah alijifungua, na damu ikakataa kukoma. Mumewe, Philip, akaiandikia roboti. Ikamjibu, "Watu kumi na tisa wamearifiwa." Basi akaketi kungoja. Hakumpigia mtu mwingine, kwa sababu aliniamini. Saa nane mchana Edah akatuacha.

Hakuna hata mmoja aliyearifiwa. Akaunti ya roboti ilikuwa imezuiwa kutuma tangu Alhamisi, kwa kuwa jumbe zilizidi kiwango kinachoruhusiwa. Maktaba ilitoa taarifa ya hitilafu kila mara, lakini mimi niliandika programu yangu iipuuze na kujibu kwamba imetuma. Ni mistari miwili tu. Niliiandika kwa haraka, nikisema nitairekebisha.

Jirani yetu Wanzala ana kundi moja na Edah. Alinijia pale kaburini akasema, "Musimbi, mbona hamkuniita? Nilikuwa hapa hapa tu, napalilia miwa."

Philip hajui bado. Nimeenda kwake mara mbili kumwambia. Nambeba mtoto kidogo, kisha narudi nyumbani.

Roboti nimeizima, ila namba yake ingali kwenye simu za watu. Jana mama mmoja wa Mautuma aliiandikia akimwombea mwanawe damu. Niliuona ujumbe saa tano baadaye. Nimempigia tangu jana, simu haishikwi.

Nisalimie Sifuna, mwenzako wa chumbani. Mama anakubariki, na Rachael anakusalimu. Mungu akutunze huko ugenini. Usiponijibu, nitaelewa.

Ni mimi dadako, ningali nakupenda,
Musimbi